Tunachaguaje kambi tukiwa tunavuta karavani kutoka Nairobi?

Baba wa Watatu, Kasarani

Salamu kwenu nyote. Familia yetu imenunua karavani iliyokwisha kutumika, ya ekseli moja, yenye urefu wa karibu mita sita kuanzia ncha ya ulimi wa kuvutia hadi nyuma, na tutaivuta kwa Prado ya dizeli. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, jokofu dogo na choo cha kemikali. Fundi amekwisha kukagua breki, magurudumu na taa, na namba ya usajili wa trela imetoka, kwa hiyo upande wa gari sina wasiwasi. Linalonitatiza ni mahali pa kulala.

Likizo ya Agosti tunakusudia kwenda Naivasha na Nakuru, kisha Desemba, Mungu akijalia, tuteremke pwani kwa kupitia Voi. Tutakuwa mimi na mke wangu, watoto watatu, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua na hawezi kutembea mbali usiku kwenda msalani. Nimezipigia simu kambi kadhaa na majibu yamefanana: njoo tu, nafasi ipo, hata mabasi huingia. Nikitazama picha wanazoweka mtandaoni naona ziwa, moto wa kuni na machweo, lakini sioni lango, sioni njia ya kuingilia, wala sioni mahali ambapo gari refu linaweza kugeuka. Wengi wa wanaopokea simu wamezoea watu wa mahema, na hema halina shida ya kona.

Naomba wenye uzoefu mnieleze mnaanza kutazama nini mnapochagua. Je, ni heri kulala ndani ya hifadhi au nje yake? Umeme wa kambini unafaa kwa karavani? Tena nimesoma kwamba Marekani kuna viwanja ambako kila trela hupewa mahali pake penye bomba la maji, soketi ya umeme na tundu la maji taka. Je, nitafute kambi ya namna hiyo hapa kwetu, au nijipange kwa njia nyingine kabisa?

Dereva Mstaafu, Buruburu

Ndugu yangu, nimefurahi umeuliza kabla ya kufunga safari. Niliendesha malori ya watalii wapiga kambi kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni kwamba gari refu huchaguliwa kambi kwa kutazama njia yake ya kutokea. Mandhari huja baadaye. Kuingia huwa rahisi kwa sababu unaingia mchana, ardhi ikiwa kavu, na vijana wa kambi wapo wa kukuelekeza. Kutoka kunaweza kukukuta alfajiri baada ya mvua ya usiku kucha, mtoto akiwa na homa, na magari ya wageni wengine yakiwa yameegeshwa mbele yako.

Kwa hiyo unapopiga simu, usimwulize msimamizi kama trela inaingia. Mwulize mambo ambayo hawezi kuyajibu kwa ndiyo au hapana. Kutoka kwenye lami hadi langoni ni kilomita ngapi, na kipande hicho ni cha changarawe au cha udongo? Lango lina upana gani, na juu yake pana boriti au kipaa cha makuti? Gari kubwa la mwisho kulala hapo lilikuwa la aina gani, na liligeukia wapi? Mtu anayeijua kambi yake atakwambia papo hapo kwamba malori huzunguka mti fulani na kutokea upande wa jikoni. Asiyejua atarudia kwamba nafasi ipo. Ukipata jibu la namna hiyo, mwombe akutumie video fupi kwa simu huku akitembea kutoka barabarani hadi mahali pa kuegesha, bila kukatisha. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, na anayekataa kabisa amekupa jibu pia.

Ujue vipimo vyako kabla ya kuuliza vya wenzako. Prado na karavani yako zikiunganishwa zinakaribia mita kumi na moja. Kimo cha karavani nyingi ni kati ya mita 2.5 na 2.7, lakini usikisie. Pima yako kwa utepe, pamoja na kifuniko cha tundu la hewa lililo paani, uandike vipimo kwenye karatasi na kuibandika kwenye dashibodi. Matawi ya miti na vipaa vya malango huharibu paa la karavani kuliko ajali za barabarani. Angalia pia sehemu ya nyuma inayoning'inia baada ya ekseli, kwa maana lango lenye mteremko wa ghafla au tuta refu huikwaruza chini hata kama gari linalovuta limepita salama.

Ardhi ndiyo ningependa uitilie maanani zaidi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka ulimbo mvua inaponyesha, umetanda kuanzia Kitengela na nyanda za Athi hadi sehemu nyingi za Mara, na nyasi nzuri zilizoota juu yake humdanganya mgeni. Kabla ya kuingiza trela, egesha pembeni mwa njia, ushuke, uitembee njia yote kwa miguu hadi mahali utakapolala na kutoka hapo hadi utakapotokea. Simama, ukandamize ardhi kwa kisigino kwa uzito wako wote, kisha ukizungushe. Kisigino kikizama na kuacha shimo lenye kingo laini zinazong'aa, usiingize karavani hapo hata mwenye kambi akikuapia, kwa sababu tani moja na zaidi iliyokalia magurudumu mawili membamba itazama usiku kucha bila wewe kujua. Kisigino kikikataa kuzama na ukasikia kokoto zikisaga chini ya kiatu, hapo panafaa.

Naivasha ni chaguo jema kwa safari ya kwanza. Kutoka Nairobi si mbali, karibu kilomita 90. Ningekushauri upite juu, kupitia Limuru na Kinungi, badala ya kuteremka Mai Mahiu, kwa sababu mteremko wa Mai Mahiu ni mwembamba, una kona kali na malori mazito, na dereva asiyeizoea trela hana mahali pa kujaribu breki zake pale. Ukifika mjini, unachukua Moi South Lake Road, ambako kambi kama Fisherman's Camp na Camp Carnelley's zimepokea magari marefu ya wasafiri wa bara zima kwa miaka mingi. Hata hivyo uliza maji ya ziwa yamefika wapi mwezi huo. Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda tangu mwaka 2010 hivi, na kufikia 2020 yalikuwa yamemeza nyumba, mashamba na viwanja vya kambi, hasa upande wa Baringo. Uwanja uliousoma kwenye maelezo ya zamani huenda leo ni makazi ya viboko.

Panga kufika kabla ya saa kumi alasiri. Jua letu huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na saa mbili za mwanga ni haki yako ili ukikataa uwanja wa kwanza uweze kufika wa pili.

Mama wa Kambi, Lang'ata

Nakubaliana na Mzee hapo juu kuhusu njia ya kutokea, nami niongeze yanayowahusu watu watakaolala ndani, kwa sababu karavani ikishaegeshwa vizuri kazi inayobaki ni ya familia.

Kwa kuwa unasafiri na mama mzazi, uchague mahali pa kuegesha kwa kupima umbali wa bafu na choo cha kambi, ukitembea mwenyewe na kutazama ngazi, mawe na mizizi iliyo njiani. Choo cha kemikali kitamsaidia usiku, lakini kina kasha la lita 20 hivi tu, na watu sita wakilitumia kwa kila haja litajaa haraka. Kabla ya kulimwaga, mwulize mwenye kambi kama vyoo vyake ni vya shimo au vya tangi la maji taka. Dawa kali zinazouzwa kwa vyoo hivi huua bakteria wanaofanya kazi ndani ya tangi, na nimeona wenye kambi wakikasirika kwa haki kabisa baada ya mgeni kumwaga bila kuuliza. Nunua dawa ya aina inayooza yenyewe, na ukubaliane na msimamizi mahali pa kumwaga kabla hamjafungua mizigo.

Maji yanahitaji swali lake. Bomba la kambi mara nyingi hutoa maji ya kisima au ya ziwa, ambayo yanafaa kuoga na kuosha vyombo. Ya kunywa bebeni kutoka nyumbani, hasa kwa bonde la Naivasha na Nakuru ambako maji ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi, jambo linalowadhuru watoto meno. Kuchemsha hakuiondoi floraidi.

Kuhusu wanyama, viboko wa Naivasha hutoka majini usiku kula nyasi, na nyasi fupi zinazopendeza za kambi ndizo chakula chao. Kambi nzuri ina uzio wa umeme kati ya ziwa na wageni, na askari anayeuwasha jioni. Uulize kama uzio huo unafanya kazi sasa, usiridhike kwa kuona nyaya. Watoto waelezwe wazi kwamba giza likiingia hakuna kwenda upande wa maji hata kwa tochi, maana kiboko anayekuta mtu amesimama kati yake na ziwa hushambulia. Mchana adui yenu ni tumbili na nyani, ambao wameijua milango ya karavani kuliko wenyewe, na dirisha lililoachwa wazi kwa ajili ya hewa linawatosha.

Migunga ya manjano iliyo kando ya ziwa hutoa kivuli kizuri sana, lakini matawi yake hukatika. Tazama juu kabla ya kuchagua kivuli. Ukiona tawi kavu au jeraha jeupe ambapo jingine lilikwisha kuanguka, sogea, hata kama wengine wameegesha hapo.

Jambo ambalo kambi hazilisemi ni kelele. Baadhi ya kambi za Naivasha zina baa, na Ijumaa na Jumamosi muziki huendelea hadi usiku wa manane. Uliza bila haya saa ya kuzima muziki, na ikiwezekana mlale huko Jumapili hadi Alhamisi. Msipange chochote Naivasha wiki ya mbio za magari za Safari Rally, ambayo ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kufanya makao yake huko, kwa sababu kila nyasi ya wilaya hiyo hukodiwa. Agosti hamtakutana nayo, ila mtakutana na baridi. Bebeni blanketi nzito, kwa kuwa ziwa hilo liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari na kuta za karavani ni nyembamba.

Mwisho, msiifanye Naivasha kuwa usiku wenu wa kwanza. Laleni kwanza usiku mmoja hapa hapa jijini, katika kambi za Lang'ata au Karen zinazopokea wasafiri wa magari, kama Jungle Junction. Mtagundua kitu kilichosahauliwa mkiwa bado karibu na nyumbani.

Fundi Umeme, Eneo la Viwandani

Nitajibu swali la umeme tu, kwa kuwa ndilo la kazi yangu.

Kambi nyingi za hapa nchini hazikujengewa umeme wa trela. Utakachopata ni soketi ya kawaida ya pini tatu ukutani mwa bafu au kwenye nguzo, na soketi hiyo kwa volti 240 na ampea 13 haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,120. Birika la umeme pekee huchukua wati 2,000 au zaidi. Huenda pia soketi hiyo inatoka kwenye laini moja na bafu lenye kichwa cha kupashia maji papo hapo, ambacho hula wati 5,000 na kuendelea. Mgeni mmoja akioga, taa zako zitafifia. Kwa hiyo chukulia umeme wa kambi kuwa wa kuchaji betri, taa na jokofu, na upike kwa gesi.

Umbali kati ya soketi na karavani una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukitumia waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 50, na ukavuta ampea 10, utapoteza karibu volti 12 njiani, na volti hizo hugeuka joto ndani ya waya. Nunua waya wa milimita 2.5 za mraba, na kila unapoutumia uukunjue wote hata kama soketi iko hatua tano, kwa sababu waya uliobaki umejiviringa kwenye gurudumu lake hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Usiupitishe mahali ambapo magari hukanyaga wala kwenye nyasi zinazofurika maji.

Kabla ya kuunganisha chochote, chomeka kipimio kidogo cha soketi chenye taa tatu. Ni cha bei nafuu na duka lolote zuri la vifaa vya umeme hukiuza. Kikionyesha kwamba waya wa ardhini haupo au nyaya zimegeuzwa, usichomeke karavani, maana mwili wake ni wa chuma na mtoto aliyesimama pekupeku kwenye nyasi zenye umande akishika mpini wa mlango atakuwa ndiye njia ya umeme kwenda ardhini. Hakikisha vilevile kwamba ndani ya karavani kuna swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio kila mnapofika kambi mpya.

Kuhusu jokofu, la karavani nyingi hupoza kwa joto la gesi au umeme bila kompresa, na aina hiyo hutaka kukaa sawasawa. Uwanja wenye mwinamo utalifanya lisipoze, nawe utadhani limeharibika. Beba pima maji ya fundi mwashi na vipande vya mbao vya kuweka chini ya gurudumu, na ukatae uwanja ambao mbao mbili haziwezi kuusawazisha.

Aliyerudi, Ruaka

Niliishi Colorado kwa muda na kusafiri na marafiki wenye trela, kwa hiyo niseme kidogo kuhusu viwanja ulivyovisoma.

Ni kweli vipo, na vina utaratibu mzuri. Kampuni kama KOA, iliyoanzia Billings, Montana, mwaka 1962, huendesha kambi nyingi ambamo kila kiwanja kina namba, urefu unaotajwa kwa futi, bomba, tundu la maji taka, na kisanduku cha umeme cha ampea 30 au 50. Unapoweka nafasi unaulizwa urefu wa trela yako, na unaweza kuchagua kiwanja unachoingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kurudi kinyumenyume. Kambi za serikali katika hifadhi za taifa mara nyingi hazina huduma hizo, na nyingi huweka kikomo cha urefu. Ndani ya Yellowstone, kambi ya Fishing Bridge ndiyo pekee yenye maji, umeme na maji taka kwa kila kiwanja, na hairuhusu mahema wala trela zenye kuta za turubai, kwa kuwa eneo hilo lina dubu wengi.

Usitafute kambi ya namna hiyo hapa, utajichosha bure. Chukua utaratibu wao wa kuuliza. Wao humtaka mgeni aseme urefu wake, nawe useme wako bila kungoja kuulizwa. Wao huandika kiwanja kwa namba, nawe umwombe msimamizi akutengee mahali mahususi na kukutumia ujumbe unaotaja mahali hapo, ili usifike ukakuta mahema kumi yamepigwa palepale. Na kwa kuwa hutapata bomba na tundu la maji taka mlangoni, jipange kujitegemea siku mbili au tatu kwa maji ya tangi, paneli ya sola na mitungi miwili ya gesi. Familia inayojitegemea hivyo ina kambi nyingi za kuchagua, hata zile za mashambani zisizo na chochote isipokuwa nyasi, lango pana na watu wema.

Baba wa Watatu, Kasarani

Nawashukuru sana, Mzee, Mama, Fundi na ndugu yetu wa Ruaka. Nimekwisha kupima kimo, ni mita 2.58 pamoja na tundu la hewa. Limebaki swali la hifadhi. Watoto wanataka kulala ndani ya Hifadhi ya Nakuru ili waamke na vifaru, nami naona katika orodha ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kuna kambi za umma na kambi maalumu. Kambi maalumu ndiyo yenye huduma bora kwa karavani?

Mama wa Kambi, Lang'ata

Hapana, Baba, ni kinyume. Kambi maalumu ni eneo linalotengwa kwa ajili ya kundi lenu peke yenu, na kwa kawaida halina maji wala choo wala chochote. Kambi ya umma mnachangia na wengine, lakini angalau kuna choo na mara nyingi maji. Kwa familia yenye bibi na watoto, chukueni ya umma. Malipo ya kuingia na ya kulala hufanywa kwa njia ya kielektroniki, hawapokei pesa taslimu langoni, kwa hiyo lipeni mapema mkiwa na mtandao. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, kwa hiyo maji ya kunywa yawe kwenye madumu na chupa za kudumu.

Kwa Nakuru, kuna kambi ya Makalia upande wa kusini karibu na maporomoko, na nyingine karibu na lango kuu. Makalia ni pazuri, ila mtavuta trela kukatiza hifadhi nzima kwenye barabara za changarawe, tena hakuna uzio kati yenu na nyati. Ningekuwa mimi, karavani ningeiacha nje ya hifadhi, katika mashamba ya upande wa Njoro yanayopokea wapiga kambi, kisha niingie hifadhini alfajiri kwa Prado peke yake. Vifaru watawaona vilevile, na mama atakuwa na mahali pa kurudi kupumzika bila ninyi kufungua na kufunga trela kila mara.

Dereva Mstaafu, Buruburu

Mama amesema sawa. Naongeza jambo la maji yanayokuja ghafla, kwa sababu limeua watu nchini mwetu na bado naona wapiga kambi wakiegesha kwenye mchanga wa makorongo makavu wakidhani wamepata uwanja tambarare. Katika korongo la Hell's Gate maji ya ghafla yalichukua maisha ya watu mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Aprili 2024 maji yaliyoporomoka karibu na Mai Mahiu yalisomba nyumba usiku watu wakiwa wamelala, na siku chache baadaye Mto Talek ulivunja kingo na kufurisha kambi nyingi za Maasai Mara, wageni wakaokolewa kwa ndege na mashua. Mvua inayoleta maji hayo huweza kunyesha mbali, kwenye milima usiyoiona, huku kwako nyota zinawaka. Tazama mashina ya vichaka: ukikuta nyasi kavu na vijiti vimenaswa matawini juu ya kiuno chako, maji yamepita hapo kwa kimo hicho. Hema unaweza kuling'oa na kukimbia, lakini karavani ya kufunga kwenye gari gizani huna muda nayo.

Kwa safari ya Desemba, Voi iko karibu kilomita 330 kutoka hapa, na hiyo inatosha kwa siku moja ukiwa na trela na malori yale. Ndani ya Tsavo Mashariki kuna kambi ya umma ya Ndololo karibu na lango la Voi, ambako tembo hupita kati ya wageni. Msiweke machungwa wala matunda mengine yenye harufu ndani ya karavani, kwani tembo huyanusa kutoka mbali na ukuta wa karavani hautamzuia. Mkitaka usingizi mzito zaidi, laleni mjini Voi penye ua na askari.

Kutoka hapo mnaweza kufika pwani ya kusini kwa barabara ya Dongo Kundu bila kuingia mjini Mombasa wala kungoja kivuko cha Likoni, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa gari refu. Tiwi kuna Twiga Lodge, inayojulikana na wasafiri wa magari kwa sababu mtu huegesha karibu na bahari. Kipande cha kushuka kutoka lami hadi ufukweni ni cha kwenda polepole, kwa hiyo omba video kama nilivyosema. Egesha mbali na minazi yenye nazi, weka mbao pana chini ya miguu ya karavani maana mchanga hauishikilii, na mkirudi Nairobi osha sehemu yote ya chini kwa maji baridi mengi kabla chumvi haijaanza kula chuma cha ekseli na nyaya za breki.